Programu imejisasisha, video zimerudi kujicheza zenyewe

Nyota moja, na hiyo nimeitoa kwa huruma. Hivi majuzi programu hii ya mtandao wa kijamii ilijisasisha usiku, na kulipokucha kila video ikawa inajicheza yenyewe tena, na sauti juu. Swichi niliyoizima imewashwa kimyakimya, bila hata taarifa.

Aliyeumia ubongo, iwe kwa ajali ya bodaboda au kwa kiharusi, mara nyingi hawezi kuchuja anachokiona na kukisikia. Mwanga, mwendo na kelele vinamvamia kwa pamoja. Kichwa kinagonga, maneno yanagoma kutoka, na siku imeharibika. Halafu mtu anamwambia apitishe tu kidole!

Na wenye programu wasisingizie ugeni. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya maudhui ya mtandaoni yatumike na wenye ulemavu, unasema tangu 2008: kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine kiweze kusimamishwa, na sauti inayojianzia ikizidi sekunde 3 iweze kuzimwa. Hawa swichi wameifukia: picha ya wasifu, mipangilio, maudhui, video, ndipo uikute. Mwenye shida ya kumbukumbu akifika hatua ya tatu ameshasahau alichofuata.

Kwenye Android, ukiingia Mipangilio, kisha Ufikivu, ukaondoa uhuishaji, utatuliza mbwembwe za simu yenyewe. Video za ndani ya programu hazijali. Kilichosaidia ni kitufe cha kuokoa data humohumo kwenye programu, kile tunachokiwasha bando likikaribia kukata roho. Ukikiwasha, video inabaki picha mpaka uiguse. Hapo, niseme haki, ukurasa unatulia na unasomeka. Nilitaka kuongeza nyota mbili.

Nimezirudisha mfukoni. Ukitoka kidogo kupokea simu, ukirudi ukurasa umejipakia upya na posti uliyoifikisha katikati haipo. Kwa ubongo uliokwisha kuchoka, kuitafuta ni kazi ya kuanza moja. Kwa hiyo posti ndefu ihifadhi kwanza, ndipo uisome.

Kwa anayelazimika kubaki humo: Play Store, fungua ukurasa wa programu, gusa vidoti vitatu juu, ondoa tiki ya kusasisha kiotomatiki. Usiache kusasisha kabisa, usalama una umuhimu wake. Sasisha kwa mkono, na kabla hujamrudishia mgonjwa simu, zima sauti ukakague swichi ile.