Mullvad Kwenye Faiba ya Nyumbani: Kasi Inayopungua na Mipaka ya Faragha

Anayenunua VPN kwa matumaini ya kuongeza kasi ya intaneti nyumbani kwake ni afadhali abaki na pesa zake, kwa kuwa huduma ya aina hii huipitisha data kwenye seva yake, yaani kompyuta ya mbali, kwa njia ndefu zaidi, na kuifunga kwa usimbaji fiche kabla ya kuitoa nje. Nimeitumia Mullvad, huduma ya Uswidi iliyoanza mwaka 2009, kwenye kifurushi cha faiba cha megabiti 40 kwa sekunde hapa Nairobi. Kati ya VPN nilizozijaribu, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, ingawa kinga yake ni finyu kuliko wanavyodhani wengi wanaoisifu.

Kabla ya kuilaumu VPN kwa uzito wa mtandao, ni vyema kujua kile ulichokuwa nacho tangu mwanzo. Megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 tu, kwa sababu baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo faili ya gigabaiti 1 itachukua sekunde 200 hivi kupakuliwa hata kama kila kitu kinakwenda sawa. Nyumba zetu za kuta za mawe nazo hupunguza sehemu yake: mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta, ilhali yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi yakiwa na kasi ndogo na msongamano wa majirani. Kipimo cha haki hufanywa kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya. Hata hivyo, programu za kupima kasi kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenyewe, na hivyo namba inaweza kupendeza huku tovuti iliyoko Ulaya ikijikokota. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, tatizo la wengi Afrika Mashariki lilikuwa ni njia ya kwenda nje, wala si faiba iliyoingia nyumbani mwao.

Njia hiyo ya nje ndiyo VPN inayoirefusha. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi Stockholm, Uswidi, ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka; safari ya kwenda na kurudi haiwezi basi kupungua milisekunde 70, na kwa vile nyaya hazinyooki hivyo, hali halisi huwa mbaya zaidi. Hadi Johannesburg, kima hicho cha chini ni kama milisekunde 30. Ndiyo maana filamu, ambayo hupakuliwa kwa mafungu kabla ya kuonyeshwa, haikunisumbua hata kupitia Uswidi, lakini mazungumzo ya video yalikuwa na ule ukimya wa kukera kati ya swali na jibu, nami nikahamia seva ya Johannesburg. Usimbaji wenyewe hugharimu kidogo: WireGuard, itifaki (utaratibu wa mawasiliano) inayotumiwa na Mullvad, huongeza baiti 60 kwenye pakiti, yaani kipande cha data, ya kawaida ya baiti 1,500, sawa na asilimia 4. VPN huweza kukuongezea kasi katika hali chache tu, mojawapo ikiwa pale mtoa huduma anapobana kwa makusudi huduma fulani asiyoweza kuitambua tena data yake ikishafungwa kwa usimbaji.

Kwa upande wa faragha, Mullvad inastahili sifa. Haiombi jina wala barua pepe. Hutoa namba ya akaunti yenye tarakimu 16, na bei ni euro 5 kwa mwezi, iwe unalipia mwezi au mwaka. Mwaka 2022 iliondoa malipo ya kujirudia yenyewe ili ibaki na kumbukumbu chache za wateja, na sasa muda unaongezwa kwa mkono kama tunavyonunua tokeni za umeme. Hupokea hata noti zilizotumwa ndani ya bahasha, ingawa anayelipa kwa kadi ataacha alama kwenye taarifa yake ya benki. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika ofisini kwake Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi na wakaondoka mikono mitupu. Hilo linanishawishi kuliko tangazo lolote, hasa nikikumbuka Onavo, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013: VPN yake ya bure ilikusanya taarifa za jinsi watu walivyotumia programu nyingine, hadi ilipofungwa mwaka 2019.

Pamoja na hayo, Mullvad ikiwashwa, mtoa huduma wa faiba haoni tena tovuti unazotembelea, lakini bado anaona kwamba umeunganishwa na seva ya VPN, saa ngapi, na kwa data kiasi gani. Kwa hiyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipotangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN nchini Tanzania wawasilishe taarifa zao kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, haikuwa busara kujituliza kwamba VPN yenyewe haionekani. Yale aliyokuwa akiyaona mtoa huduma sasa yanaweza kuonwa na mwenye seva, nawe umemkabidhi imani hiyo. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google, Google inakujua vilevile. Vidakuzi, yaani vifaili ambavyo tovuti huviweka ili kukutambua, hubaki kwenye kivinjari, na GPS ya simu haijali umepitia Johannesburg. Nywila yako ya benki nayo ilikuwa tayari imelindwa na HTTPS, usimbaji wa tovuti yenyewe.

Kuna kipengele kiitwacho DAITA, kilichoanza mwaka 2024, ambacho hulinganisha ukubwa wa pakiti na kuchanganya data ya uongo ili anayechunguza mwenendo wa data yako asibashiri unachotazama. Kinakula kasi na kifurushi, nami nimekizima. Akaunti moja huruhusu vifaa 5, na programu ya Android inakuwezesha kuchagua programu zipi zisipite kwenye VPN. Ile ya benki niliitoa mapema, kwa sababu benki nyingi hutilia shaka mteja anayeonekana kuingia kutoka nchi nyingine.