Wakala wa pasipoti pale mjini Mtwara: nyota moja, na hata hiyo nasitasita

Kijana hakumwamkia mama yangu. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote ningeweza kuyameza: kucheleweshwa, "mtandao unasumbua", "njoo Jumatatu". Bi mkubwa katoka Mikindani na daladala, kavaa baibui lake la safari, kasimama mbele ya meza ya steshenari, na yeye macho yako kwenye kompyuta: "Una shida gani?" Shikamoo hakuna.

Shida ilikuwa pasipoti ya kwendea Hijja. Akamwambia aoneshe mikono. Akaitazama, akacheka. "Bibi, vidole vimekwisha hivi, mashine itasoma nini? Bora ukapumzike nyumbani."

Vidole vimekwishaje, huku kwetu nani hajui? Mama kabangua korosho tangu mimi sijazaliwa. Mafuta ya ganda lile yanaunguza ngozi, miaka ikienda ncha za vidole zinabaki laini kama kioo. Huyo kijana mwenyewe sitashangaa kama ada yake ya shule ilitoka kwenye korosho.

Ningeondoka. Lakini kila tuliyemuuliza alisema fomu hizi fundi wake ni yeye, na mimi niko Masasi kikazi, siwezi kushinda mjini. Nikampa fedha yote: ya serikali 150,000, yaani 20,000 ya fomu na 130,000 inayofuata, na ujira wake juu. Basi tukaanza kungoja. Kila nikipiga simu, "Ombi linachakatwa, kaka, Dar ndio wanachelewesha." Minada ya korosho ikafunguliwa, ikafungwa, ombi linachakatwa. Watu wa kikundi cha Hijja walikuwa wakiniuliza, baadaye wakaacha kuuliza. Orodha ikafungwa bila jina la mama, naye akasema tu Mungu hajapanga. Mimi nilikuwa najua aliyepanga.

Siku moja nikambana hadi akanitumia namba ya ombi, nikaingia mwenyewe kwenye mfumo. Fomu haijatumwa kokote! Ile 130,000 haijalipwa. Sasa Dar walikuwa wanachelewesha nini?

Nikapanda basi nikiwa na maneno yangu tayari. Na hapa ndipo kijana huyu anaponivuruga, kwa sababu alikuwa na jibu. Jina la mama kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye cheti cha kuzaliwa lilipishana herufi moja. Kaliona yeye, sisi wote hatukuliona, na fomu ingekwenda hivyo ingerudishwa. Wiki ileile akampeleka mama kwa wakili kuapa kiapo cha jina, kwa pikipiki yake, mafuta yake. Nikamuuliza kwa nini hukusema tangu mwanzo? "Kaka, ungekasirika." Ama kweli. Nikiwa bado pale pale moyo ukalainika, nikasema moyoni huyu ana nyota tatu.

Lakini fedha ilikuwa wapi miezi yote hiyo? Kila nikiuliza anageukia printa. Aliilipa siku niliyomsimamia, akatoa namba ya malipo na kutuma kwa simu papo hapo, kazi ya dakika chache. Nyota zikarudi kwenye moja.

Na vidole? Siku ya kuchukua alama, dada aliyekuwa kwenye mashine alimwamkia mama kwanza, akamfuta kwa kitambaa, akajaribu kidole kimoja kimoja bila haraka. Vingine vilisumbua, lakini mashine ikakubali.

Kitabu kimetoka, kinangoja msimu ujao wa Hijja. Mama kampelekea yule kijana korosho za kukaanga, eti alimhangaikia. Nimenuna mpaka leo. Wewe ukienda kwake, na najua utaenda maana fomu kweli anazijua, dai namba ya ombi siku hiyohiyo na stakabadhi ya kila shilingi. Na kama umefuatana na mzee, mkumbushe shikamoo kabla hajashika kompyuta.