Tahadhari: friza niliyoonyeshwa Unguja siyo iliyofika Mkoani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika taarifa hii kwa wale wanaonunua vifaa vya umeme vya mtumba kwa kutazama picha za simu, na hasa kwetu sisi wa Pemba, ambao mara nyingi muuzaji yuko Unguja na baina yetu na yeye kuna bahari. Mwezi wa Shaabani nilinunua friza kwa ajili ya wifi yangu, anayeuza barafu za ubuyu na juisi hapa Wete, tukitaraji iwe tayari kabla ya Ramadhani. Muuzaji hakukimbia na fedha zangu, na ndiyo maana nilichelewa kufahamu kwamba nimetapeliwa: mzigo aliuleta, ila haukuwa ule alionionyesha.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 480,000. Alinitumia picha nne na video fupi inayoonyesha friza ikiwa imewashwa na barafu imeshika ukutani, kisha akaomba nusu ya fedha ili asimuuzie mtu mwengine, na nusu ya pili niitume atakaponionyesha stakabadhi ya mzigo kutoka bandarini Malindi. Stakabadhi aliituma kweli. Nilipokuwa nikituma nusu hiyo ya pili, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke, naye alikuwa amejitambulisha kwangu kwa jina la kiume. Nilipomuuliza alisema laini ni ya mkewe, nami nikaendelea. Kosa hilo ni langu na sina wa kumlaumu.

Friza ilishuka Mkoani imefungwa kwa maboksi na utepe kuanzia juu mpaka chini, na tulipoifungua ilikuwa nyeupe, ya milango miwili, ya kampuni ile ile. Tuliiacha imesimama usiku kucha bila ya kuiwasha, kwa sababu friza iliyolazwa njiani mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha papo hapo unaweza kuiua mwenyewe. Asubuhi tukaichomeka. Kompresa ilivuma siku mbili, maji ndani yake yakabaki maji. Fundi tuliyemwita kutoka Chake Chake aliigeuza nyuma akatuonyesha bomba lililochomelewa na kupakwa rangi juu yake, na gesi hakuna. Alitutahadharisha pia kwamba kibandiko kinasema gesi yake ni R600a, ambayo inashika moto, kwa hivyo haifai fundi yeyote kuja kuchomelea bomba hilo ndani ya nyumba.

Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa upole kwamba wapagazi ndio walioilaza. Nilipomtajia bomba, upole ukaisha: “Mtumba ni bahati, dada. Hauna garantii wala haurudi.” Neno hilo nalisikia kila siku, na sitaki kusema kwamba halina ukweli ndani yake, kwani anayenunua kitu kilichotumika amekubali uchakavu wake, na wapo wauzaji waaminifu wanaosumbuliwa na wanunuzi wanaotaka kitu kikuukuu kifanye kazi kama kipya. Lakini uchakavu unaoonekana ni jambo moja, na kuficha aibu ya bidhaa kwa rangi ni jambo jengine, na hata katika fikihi ya biashara tuliyofunzwa chuoni mnunuzi ana khiyari ya kurudisha kitu akigundua aibu aliyofichwa.

Mabishano hayo yangeishia hapo, yeye akisema meli na mimi nikisema bomba, lau si picha yake mwenyewe. Katika zile picha nne, moja ilipigwa nyuma ya friza, na ukiikuza unasoma kibandiko pamoja na nambari ya mashine, ile inayotolewa kiwandani kwa kila friza peke yake. Tarakimu nne za mwisho hazikulingana na za friza iliyomo ukumbini mwetu. Nilimtumia picha mbili hizo kwa pamoja. Alizitazama, hakujibu, na baada ya muda mfupi nikakuta amenifungia.

Nimekwenda kwa sheha, na kutoka hapo polisi, ambako malalamiko yameandikwa pamoja na picha, stakabadhi na ujumbe wa malipo. Namba yake nimeiripoti pia kwa 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, hupokea taarifa za namba za utapeli. Huduma kwa wateja ya mtandao wa simu walinijibu kwamba fedha zilishatolewa. Namba na jina sitaviweka hapa, kwa kuwa huenda mwenye laini hajui kinachofanywa kwa jina lake.

Siku hizi nikitaka kitu cha namna hii namwomba muuzaji video moja isiyokatwa, inayoanzia kwenye kibandiko cha nyuma nambari ikisomeka, ikafuata waya mpaka kwenye soketi, ikaishia ndani ya friza penye karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo. Muuzaji wa kweli hukasirika kidogo, kisha huileta. Lililo bora zaidi ni jamaa aliyeko mjini aende mwenyewe, aiguse, asimame mpaka inapofungwa na kupakiwa, ndipo fedha zitoke. Na akikataa kutembelewa, mwacheni na friza yake.

Picha alizonitumia zinaonyesha friza nyeupe ya milango miwili juu ya sakafu ya vigae vyekundu, nyuma yake pazia la buluu lililochanika pembeni. Watu wawili, mmoja wa Mkoani na mmoja wa Konde, wameshaniambia kwamba nao wametumiwa picha hizo hizo kwa bei tofauti. Ikiwa zimekufikia na wewe, usitume fedha, na usifute ujumbe hata mmoja, maana polisi wanauhitaji.