Kisanduku cha shilingi 1,800: mpira nyota tano, udi nyota moja

Spika yenyewe ni ile ndogo ya mviringo, inayotoshana na kopo la maziwa ya unga. Ina redio, tundu la kadi, tundu la flashi, Bluetooth, taa za rangi na kikamba cha kuning'inizia. Maduka ya simu hapa Lamu yanaziuza kwa majina mbalimbali, na mimi nashuku zote zimetoka tumbo moja. Muuzaji alianza na shilingi 2,500, tukavutana, nikaichukua kwa 1,800.

Ukiiwasha, kabla ya jambo lolote, mwanamke asiyeonekana anatangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kiko tayari kuunganishwa. Anatangaza kwa sauti ya juu kabisa. Hata ukiipunguza usiku, asubuhi kimesahau, kinaanza tena kileleni. Nyumba yetu iko Mkomani, kwenye uchochoro ambao punda wawili wenye mizigo hawapishani, na dirisha la jirani liko karibu kuliko mlango wetu wa mbele. Niliiwasha alfajiri nisikilize habari. Mchana jirani akaniuliza kwa adabu kama tumefikiwa na mgeni wa Kizungu. Bibi hakujisumbua na adabu: "Kitoe nde kitu hichi, chanitia kiwewe."

Boksi linasema Bluetooth inafika mita 10. Labda uwanjani. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa na ushei, na waliozijenga walikusudia zizuie jua. Zinazuia na Bluetooth. Nikiacha simu ndani na spika kiwandani, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, wimbo unafika vipande vipande, nusu ya ubeti huku, nusu umebaki ukutani. Kwa hiyo natumia kadi, ambayo nayo ina visa vyake: hakuna kioo cha kuonyesha majina, unabonyeza mbele, mbele, mbele, na nyimbo zinafuatana jinsi zilivyoingizwa. Kwangu mimi qasida ya maulidi inafuatiwa na bongofleva bila hata pumzi katikati. Na taa zinawaka kwa zote mbili, nyekundu, buluu, kijani. Kitufe cha kuzizima hakipo. Ikichezwa qasida naifunika kwa kofia.

Sasa muziki, maana ndio ulionipeleka dukani. Waliotengeneza kisanduku hiki wanaamini muziki ni besi. Kila wimbo unatiwa besi, utake usitake, mpaka meza inatetemeka na vikombe vya kahawa vinatembea. Bongofleva inapendeza. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, naye anapita, ile sauti yake kali haifunikwi kirahisi. Lakini nilimweka Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu aliyefariki 2016, na huyo ni mtu wa taarab ya udi, ile ala ya nyuzi. Raha yake iko katika kidole kinachogusa uzi na kuuacha, halafu kile kimya kidogo kabla hajaimba. Kisanduku kimekimeza kimya chote. Dumbak, kile kingoma cha taarab, ikawa ngoma ya harusi ya mtaa wa tatu, udi ukasikika kama mtu anakuna dirisha. Ami yangu ana redio ya kaseti iliyofungwa kwa ukanda wa mpira, kifuniko chake kilishapotea. Wimbo uleule, ukiwa kwenye kaseti katika redio ile, unasikia mpaka kucha za mpigaji. Ami alisikiliza yangu kidogo, akauliza, "Na hii ulilipa?"

Kwenye mpira ndipo kisanduku kilipojitetea. Redio yake haina antena. Unachomeka waya wa chaji, na huo waya ndio antena. Ukiuning'iniza kwenye msumari wa barazani, inashika vizuri. Tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars, timu yetu ya Kenya, wakicheza na Madagaska robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kasarani, mkahawani kulijaa hata pa kusimama hapana. Sisi tukakaa barazani mkabala, televisheni tunaiona kwa mbali juu ya vichwa vya watu, maneno tunayapata redioni.

Omija akafunga mapema kipindi cha pili. Tukaruka. Mkahawani wakageuka kututazama kama wendawazimu, kwa sababu kwao mpira ulikuwa bado haujafika langoni. Picha ya televisheni hubanwa, hurushwa kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu, ikirudi chini king'amuzi kinaifungua, na hayo yote yanakula sekunde. Redio yetu haikuwa na safari hiyo ndefu. Kumbe barazani tulikuwa tunaishi mbele ya wenzetu.

Madagaska waliposawazisha kwa penalti, tulishika vichwa kabla mpigaji hajaanza kukimbia. Mwenye mkahawa akatupigia kelele tuzime. Hatukuzima. Ilipofika mikwaju ya penalti, mzee mmoja aliyekuwa kiti cha mbele alikipa kioo mgongo, akawa anatusoma nyuso sisi. Kila mkwaju alitangulia kuguna, na waliokuwa nyuma yake wakamtukana kimyakimya. Tulitolewa 4-3. Mzee alinyanyuka na kuanza kuvaa ndara, huku wenzake bado wamefumbata mikono wakiomba.

Hayo mengine nitayataja tu. Betri inamaliza jioni moja ya mazungumzo, zile saa 10 za kwenye boksi sijaziona. Ukisikiliza redio huku unachaji, inavuma kama nyuki. Wanasema haipenyi maji, lakini nilikwenda nayo Shela kwa boti upepo wa kusi ukivuma, na tangu siku hiyo tundu la chaji limeshika kutu. Waya unaingia ukiuinamisha kidogo kushoto.

Ukienda kununua, iwashe palepale dukani umsikie yule mwanamke, kisha ujiulize nani analala chumba cha pili. Muuzaji ananiambia kuna kubwa yake kwa shilingi 4,500, ina antena ya kweli na kitufe cha kuzima taa. Kwa bei hiyo nilimwendea ami tuzungumze habari ya redio yake ya kaseti. Hauzi.