Mama alitoa hela ya mchezo, wao wakanipa skwati mia

Jina sitalitaja. Wanaopita Temeke jioni wanaijua jimu hiyo kwa muziki wake, na wenyewe wakisoma hapa watajijua. Nimekaa na hasira hizi tangu kipindi cha mvua nikidhani zitapoa. Hazijapoa.

Naomba nianze na mguu, maana bila huo hamtanielewa. Nilianguka na bodaboda, mfupa wa muundi wa kushoto ukavunjika, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu. Siku linatolewa nililitazama paja langu nikalia, lilikuwa jembamba mno ukilinganisha na mwenzake. Lakini kilichonimaliza hasa ni baada ya hapo. Niliogopa kutembea. Nikajifungia ndani karibu mwaka mzima: kitandani, kwenye kochi, na simu, kisha kitandani tena. Nina miaka 23, na nikipanda ngazi za kwa shangazi nasikia moyo unapiga hadi masikioni. Usiku silali, mchana sitaki kupokea simu ya mtu, hadi marafiki wakaacha kupiga. Mama akisema "mwanangu, hata ukae kibarazani upate upepo," nageukia ukutani.

Aliyenitoa huko ni dada wa fiziotherapia. Alinisimulia kwamba mwaka 1966, kule Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wa miaka 20, wazima kabisa, kwa wiki 3 tu. Uwezo wa mwili wao kutumia hewa ukaporomoka kwa zaidi ya robo. Kisha wakafanyishwa mazoezi kwa wiki 8, wakarudi walipokuwa na kupita. Miaka 30 baadaye wakapimwa tena wakiwa watu wa miaka 50, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hali mbaya kuliko ile ya baada ya wiki 3 za kulala. Yaani kitanda kiliwachakaza kuliko miaka 30 ya umri. Nilipiga hesabu ya miezi yangu nikaogopa, lakini ile habari ya wiki 8 niliishika kama hirizi.

Mama akasema, "Mwezi huu mchezo wetu wa kuchangiana napokea mimi. Chukua, mwanangu, ukapone." Shilingi 180,000, nikalipia miezi mitatu kwa mkupuo. Hela ya mama anayeuza vitumbua. Nataka wahusika walijue hilo.

Siku ya kwanza nilikwenda jioni. Kulikuwa na watu wengi, kioo ukuta mzima, na kocha mmoja kijana aliyejengeka kweli, ana kipaza sauti kichwani. Hakuniuliza jina. Hakuniuliza nimekaa muda gani bila kufanya mazoezi, naumwa nini, nimekula saa ngapi. Nikamfuata mwenyewe nikamwambia, "Kaka, nilivunjika mguu, nimekaa ndani muda mrefu, naomba unianzishe taratibu."

Akanijibu kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia: "Mguu umepona au haujapona? Kama umepona, shuka. Skwati mia!"

Nikashuka. Najua mtaniuliza kwa nini nilikubali. Mtu aliyekaa ndani mwaka mzima akijiona hana thamani, akiamrishwa mbele ya watu anatii. Nilifika 34. Magoti yakalegea, nikakaa chini, nikataka kutapika. Ndipo akaja na simu yake, ananirekodi, huku akisema, "Jamani mwoneni binti wa miaka ishirini na tatu! Bibi yangu kule Tandahimba analima ekari nzima!" Watu wakacheka. Usiku ule ile video ikawa kwenye status ya jimu, na binamu yangu ndiye aliyenitumia akiniuliza, "Huyu si wewe?"

Siku tatu zilizofuata sikuweza kuchuchumaa chooni. Mama ndiye aliyekuwa ananishika mikono, mimi mtu mzima. Dada wa fiziotherapia alipoambiwa kwenye simu akawa mkali: kila nikienda haja ndogo nitazame rangi, ikigeuka kahawia kama chai ya rangi nikimbilie hospitali bila kusubiri asubuhi, maana misuli iliyolala ikishtuliwa kwa nguvu inaweza kuvunjikavunjika na mabaki yake yakaziba figo. Namshukuru Mungu haikugeuka. Lakini fikirini: kocha analipwa kwa kazi hii, na hatari hiyo nimeisikia kwa mtu wa hospitali.

Nilipokwenda kudai hela yangu, pale mapokezi nikaambiwa, "Hela ikishaingia haitoki, dada." Hata macho hakuyainua. Kwa hiyo msiende. Hapo nilikuwa nimeshaamua kuandika hivyo tu niishie hapo.

Ila haki lazima isemwe, na hapa ndipo ninapopata shida. Kwa uchungu wa ile hela nilirudi, nikachagua asubuhi ili nisikutane naye. Asubuhi alikuwepo mzee mmoja, kocha wa zamani wa ngumi za mtaani, taulo begani. Aliponiona nasitasita mlangoni akaniita, "Njoo, mwanangu. Ulilala muda gani?"

Ulilala muda gani. Swali hilo tu. Nilisimama pale machozi yananitoka.

Siku ile alinipa dakika 10 za kutembea kwenye mashine, mwendo wa mtu anayekwenda dukani, kisha kukaa na kusimama kwenye benchi mara nane, basi. Nikamwambia naweza kuongeza. Akakataa: "Kesho unatakiwa uitamani tena." Wiki ya pili dakika 15. Mguu wa kushoto ukapewa kazi yake peke yake, ili wa kulia usiubebe. Ilipofika wiki ya sita hivi nilikuwa natembea dakika 30 siku tano, na vyuma vidogo mara mbili kwa wiki. Baadaye nikaja kuona kuwa hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima: dakika 150 kwa wiki, na misuli ifanyishwe kazi angalau siku 2. Mzee hakuwahi kuitaja namba hiyo. Alinifikisha tu.

Na usingizi ulirudi kabla ya paja. Hilo nataka vijana wenzangu mliojifungia ndani mlisikie: kilo hazikubadilika, mguu bado mwembamba, lakini nilianza kulala. Kisha nikaanza kuona njaa. Kisha siku moja nikajikuta nacheka na muuza mihogo pale Rangi Tatu, nikashtuka, maana sauti ile sikuwa nimeisikia muda mrefu. Mama alinisikia naimba bafuni akanyamaza kimya nje ya mlango. Alikuja kuniambia baadaye.

Kwa hiyo nilibadilisha maneno yangu. Nilitaka kuandika: nendeni, lakini asubuhi. Kwa mzee huyo natoa nyota zote zilizopo.

Sasa juzi nimefika asubuhi, mzee hayupo. Nauliza. Naambiwa wamemwondoa, "havutii wateja." Na aliyesimama mahali pake ni yuleyule wa kipaza sauti, na pembeni yake kuna binti mpya, mnene kidogo, kavaa dera, anashikilia ukuta huku yeye anamhesabia. Simu iko mkononi. Nilimwendea yule binti nikamwambia, "Mdogo wangu, simama, kunywa maji, huna deni la mtu hapa." Nikatolewa nje.

Basi nafuta yale niliyotaka kuandika. Msiende, iwe asubuhi au jioni. Jumapili hii mimi natoka na jogingi ya mtaani kwetu, ile inayoanza alfajiri na ngoma mbele na wazee nyuma, na mzee amesema atakuja kunitazama ninavyokanyaga na mguu wa kushoto.

Wiki zangu mbili zilizobaki kaeni nazo. Ile video ifuteni.