Kulipia kila mbofyo au kupanda polepole kwenye Google?

Tangazo la kulipia linaweza kuonekana siku hiyohiyo unapoliwasha. Tovuti inayopanda yenyewe kwenye matokeo ya utafutaji huchukua miezi. Kwa biashara changa, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini tangazo ni mnada: wafanyabiashara hushindania nafasi kwa kutaja dau. Google ilianzisha huduma yake ya matangazo, AdWords, mwaka 2000, ikaleta mnada wa kulipia kila mbofyo mwaka 2002; leo huduma hiyo inaitwa Google Ads. Dau pekee haliamui: ubora wa tangazo na wa ukurasa unaofunguka nao huhesabiwa. Na kwenye kulipia kila mbofyo ndipo wengi huumia. Unauza viatu vipya, mtu anaandika "kushona viatu vilivyochanika", anabofya, anaondoka. Pesa yako imeshakwenda. Liweke neno "kushona" kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lako halionekani, na tundu hilo linazibika. Tafadhali, kagua kila wiki watu waliandika nini kabla ya kubofya.

Upande wa pili, wa kupanda polepole, hutozwi kwa mbofyo, ila makala nzuri za kuipandisha tovuti hudai muda na uvumilivu. Bajeti ikiisha, tangazo hutoweka papo hapo. Makala hubaki ikiita wateja.

Mimi ningeanza na tangazo dogo, kisha maneno yaliyoleta wanunuzi niyaandikie kurasa.