X-22 na Mr. Color Leveling Thinner: kumbe shida ilikuwa thina

Aisee hii thina nishaitumia kuchanganya X-22, klia ya Tamiya (rangi isiyo na rangi ya kung'arisha juu), kwenye gari tatu za modeli za skeli ya 1/24 na sasa naweza kuiongelea kwa uhakika. Miaka yote nilikuwa naamini klia ikitoka na ganda la chungwa, yaani vipele vidogovidogo, basi haijatosha, naongeza mkono (tabaka) mwingine, halafu mwingine tena, mpaka mistari ya milango inajaa klia haionekani na bodi bado ina vipele vilevile. Kumbe unene hauhusiki kabisa, klia ilikuwa inakauka kabla haijapata muda wa kutulia.

Yaani iko hivi, matone yakitoka kwenye nozo ya eabrashi (kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi) yanaanza kukauka humohumo hewani, yakifika kwenye bodi yashakuwa mazito na kila tone linabaki na umbo lake, ndo vile vilima na mabonde unavyoviona ukiinamisha gari kwenye taa. Mr. Color Leveling Thinner ina kitu ndani kinachochelewesha kukauka, kwa hiyo klia inakaa majimaji kwa muda, inajitandaza yenyewe, inalala. Imetengenezwa kwa ajili ya rangi za laka za Mr. Color lakini na X-22 ya Tamiya zinaelewana vizuri mno, sababu akriliki ya Tamiya ina alkoholi ndani, siyo ya maji kama zile nyingine. Usije ukaichanganya na akriliki za maji kama Vallejo, inaganda mabongemabonge kwenye kikombe na utashinda siku nzima unafungua eabrashi.

Mi naweka klia moja kwa thina moja na nusu, mkono wa mwisho nafika thina mbili. Presha psi 15 hadi 20, nozo ya mm 0.3 inatosha ila kwa bodi nzima ya gari 0.5 ni raha zaidi. Mkono wa kwanza ni ukungu tu, usitafute kung'aa, acha kama dakika 10, wa pili uzidishe kidogo, wa tatu ndo unalowesha, na hapo usiangalie eabrashi, angalia taa inavyoakisi kwenye boneti, ile alama ya mwanga ikishaungana na kunyooka unasogea mbele hapohapo, ukikaa sekunde moja zaidi michirizi inashuka pembeni. Mara ya kwanza nilipoona boneti inajilainisha yenyewe mbele ya macho yangu nilisimama tu na eabrashi mkononi naangalia, ilikuwa nzuri sana.

Kwenye stika kuwa na subira. Thina hii ni kali, ukiziloweshea mkono wa kwanza zinaweza kujikunja, ndo maana ule ukungu wa mwanzo msiuruke hata kama unaonekana hauna maana. Na harufu siyo ya mchezo, vaa maski yenye katriji za kaboni za mvuke, ile ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke, fungua madirisha na usipulize karibu na moto.

Sasa ubaya wake. Kile kinachokupa ulaini ndicho kinachokuletea vumbi, klia ikikaa mbichi muda mrefu kila unyoya unaopita unatua juu yake, kwa hiyo ukimaliza tu funika na boksi safi, usikae unaishangaa. X-22 yenyewe pia inachukua siku kadhaa kukomaa, ukiishika mapema alama ya kidole inabaki. Ikishakomaa napitisha msasa laini wa maji, namba 3000 kwenda juu, halafu kompaundi ya kupolishi ya Tamiya ya Fine na kumalizia Finish, taratibu kwenye kingo maana pale klia ni nyembamba na rangi inatokeza haraka. Kama we ni mtu wa kupolishi sana mpaka gari liwe kioo kabisa, bora uchukue klia ya laka kama GX100 ya Mr. Color, inakuwa ngumu zaidi na inavumilia msasa, na thina ni hiihii.

Ipo chupa ya 110 ml na ya 400 ml. Chukueni kubwa, ile ndogo inaisha kabla hujamaliza gari la pili, hasa ukianza kuiweka na kwenye rangi za chini, ambako nako inalainisha vizuri vilevile.